Uzamivu wa Bahari: Meli au Kompyuta?

Tangazo la nafasi ya uzamivu (shahada ya PhD) katika sayansi ya bahari au jiolojia mara nyingi huja na picha ya meli. Mwombaji akiiona hudhani ndiyo kazi yenyewe, kumbe sehemu kubwa ya utafiti huu hufanyika mezani. Je, aombe mradi unaomwahidi safari, au ule utakaomkabidhi data ambazo wengine wameshazikusanya?

Mimi naegemea data. Maboya ya Argo, mpango wa kimataifa wa kupima bahari, yapatayo 4,000, yametapakaa katika bahari zote. Boya la kawaida huzama hadi mita 2,000 na kila baada ya siku 10 hivi hupanda juu likipima joto na chumvi, kisha hurusha vipimo kwa setilaiti. Yeyote huvipata bure. Meli nayo haina dhamana: JOIDES Resolution, iliyochimba sakafu ya bahari tangu 1985, iliacha kazi 2024 baada ya Marekani kusitisha ufadhili. Mwanafunzi mwenye ufadhili wa miaka mitatu au minne, ambaye tasnifu yake yote inangoja safari moja, akiahirishiwa safari hiyo ameumia. Lakini mashapo ambayo meli hiyo na zilizoitangulia zilichimbua yamehifadhiwa Bremen (Ujerumani), Kochi (Japani) na College Station (Marekani), na watafiti huomba sampuli.

Tena kazi ya mezani si ya daraja la pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Marie Tharp, mwanajiolojia na mchora ramani wa Marekani, hakuruhusiwa kupanda meli ya utafiti kwa kuwa ni mwanamke. Alichora sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vya kina vilivyoletwa na wenzake, akaona bonde la ufa katikati ya safu ya milima iliyo chini ya maji. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza kama soga za wasichana, hadi vitovu vya matetemeko vilipowekwa kwenye ramani vikafuata bonde lilelile.

Hata hivyo, wanaoitetea meli wana jambo moja ambalo sina jibu jepesi kwalo. Kihisi cha chumvi kikikaa baharini miaka kadhaa huweza kupotoka taratibu. Maboya kadhaa ya Argo yalipatwa na hili, yakaanza kuonyesha chumvi nyingi kuliko iliyopo. Asiyejua hilo atachora grafu safi na kutangaza kwamba bahari imebadilika, kumbe kilichobadilika ni kifaa. Kosa hubainika vipimo vikilinganishwa na vile vya meli, ambako chupa huteremshwa kwa waya hadi kina kinachotakiwa, maji yakapandishwa na chumvi yake ikapimwa maabara. Aliyewahi kuzijaza chupa hizo usiku wa manane, mikono imekufa ganzi, hazipokei namba kibubusa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize msimamizi: data ziko wapi leo, nani ameshazikagua, na je, ipo nafasi ya safari moja ambayo hata ikifutwa tasnifu haitakwama? Akikujibu kwamba data zitapatikana meli ikirudi, omba kwingine. Akisema safari haina haja kabisa, waulize wanafunzi wake wa zamani walijifunzia wapi kuzitilia shaka namba zao.