Ukungu Uliomwogopa Fundi

Yapo maradhi ambayo humwacha mgonjwa pale pale anapovuka kizingiti cha daktari, na saa yangu ya mkono ilipatwa na maradhi ya aina hiyo. Ndani ya chumba cha mikutano, chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kwa bidii kuliko wajumbe wote, kioo chake kilishika ukungu kuanzia kwenye 10 hadi kwenye 2, mshale wa dakika ukizama humo na kuibuka upande wa pili kwa wakati wake wenyewe, huku matone madogo yakijipanga ukingoni mwa kioo kwa upande wa ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa kiwezacho kufika. Nilipotoka na kutembea juani hadi kwa fundi, kioo kilikuwa kimetakata, na saa ililala juu ya meza yake kwa adabu kana kwamba haijawahi kumwaibisha mtu.

"Saa hii ni nzima kabisa, mzee," fundi alisema. Alikuwa kijana mpole, na hilo neno "mzee" nilimsamehe kwa sababu nilikuwa nahitaji msaada wake.

Aibu yenyewe ilitokana na wadhifa wangu. Mimi ndiye niliyeteuliwa kutunza muda mikutanoni, kwa kuwa mwenyekiti amepiga marufuku simu mezani, na saa ya ukutani ilikwisha kufa zamani bila kuzikwa. Kila mzungumzaji alipewa dakika kumi. Mwenzetu mmoja wa upande wa hesabu, mtu asiyeweza kusema "sina la kuongeza" bila kuongeza, aligundua mapema kuliko mimi kwamba ukungu huzidi chumba kikipoa, na tangu hapo kila zamu yake ilipokaribia alichukua rimoti ya kiyoyozi, akalalamikia joto, akateremsha nyuzi kadhaa, kisha akaanza kuwasilisha taarifa yake kwa utulivu mkubwa. Nilipojaribu kumkatiza, aliniuliza mbele ya wote, "Mtunza muda, ni saa ngapi sasa hivi?" Nikakodoa macho kwenye wingu. Akaendelea.

Kwa kweli fizikia alikuwa anaijua vizuri. Hewa iliyofungiwa ndani ya saa hupashwa joto na ngozi ya mkono, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi bila kuonekana, lakini kioo kikipigwa na ubaridi kutoka nje, mvuke ulio karibu nacho hugeuka matone. Ukirudi kwenye joto, matone hugeuka tena mvuke, na hapo ndipo watu wengi hufurahi bure, wakidhani saa imepona, ilhali maji yamebadilisha vazi tu, yamo humo humo yakisubiri kutia kutu skrubu na magurudumu ya chuma. Maandishi "mita 30" yaliyoko nyuma ya saa yangu hayakunifariji hata kidogo, kwa sababu hiyo ni kumbukumbu ya shinikizo ambalo saa ya aina hiyo ilihimili kiwandani ingali mpya, wala si ruhusa ya kuzama nayo mita 30, na haielezi lolote kuhusu mvuke wa bafuni au mpira wa kuzibia uliochoka.

Shemeji yangu, ambaye ana dawa ya kila kitu, aliagiza nizike saa ndani ya mchele usiku kucha. Mchele ukawa nje, unyevu ukawa ndani, na baina yao kifuniko cha chuma kilichokazwa; sijui walitegemewa kukutana wapi. Asubuhi saa ilikuwa na unyevu wake wote, pamoja na vumbi jeupe kuzunguka kifungo cha kurekebishia muda. Alipendekeza basi tuipulizie kwa mashine ya kukaushia nywele, nami nikaificha saa mfukoni, kwa maana joto kali huharibu mipira na vilainishi, na pale penye upenyo husukuma hewa nje kisha saa ikipoa huvuta nyingine, pamoja na mvuke wake.

Nilirudi kwa fundi na ushahidi. Nilikuwa nimepiga picha ya ukungu kwa simu, katikati ya mkutano, chini ya meza, kinyume cha amri ya mwenyekiti. Fundi aliikuza picha, akaitazama kwa makini, akaigeuza.

"Naona pua, mzee."

Ilikuwa pua yangu, imejiakisi kwenye kioo kwa ukamilifu wake wote, na nyuma yake, kama una imani, kulikuwa na kitu cheupecheupe. Nadhani ni huruma iliyomfanya aseme, "Basi ngoja tuitege."

Aliweka saa juu ya bamba la kupasha joto, kwenye nyuzi 40 na kitu za Selsiasi, akaiacha hapo zaidi ya robo saa mpaka ikapata joto lote. Kisha akachovya kijiti kwenye maji ya kawaida na kudondosha tone moja katikati ya kioo. Tukasubiri kama dakika moja. Akalifuta tone kwa kitambaa kikavu, na pale lilipokuwa limekaa, kwa ndani, kikabaki kiduara cha ukungu, cheupe, chenye ukingo safi.

"Ndiyo hiyo!" nilipiga kelele hadi wateja wengine wakageuka.

Kifuniko cha nyuma kilipofunguliwa, fundi aliweka lenzi jichoni, akanyamaza, halafu akainua kwa kibanio kitu chembamba kilichokuwa kimelala juu ya mpira wa kuzibia, kikikatiza kutoka ndani hadi nje. Ulikuwa udevu. Mweupe, uliojikunja, na mpira wenyewe ulikuwa umebonyea chini yake na kuacha mfereji. Tukatazamana. Yeye hajaota ndevu bado, mimi hunyoa kila asubuhi, lakini fundi mwingine, aliyenibadilishia betri hapo awali, alikuwa na ndevu za heshima zilizofika mezani kabla yake.

Saa ilifunguliwa yote na vipande vyake vikafungiwa ndani ya chombo chenye chembe za silika jeli za buluu, ambazo hugeuka waridi kadiri zinavyonyonya unyevu. Mpira mpya uliwekwa, ukapakwa grisi kidogo ya silikoni, na wa kwenye kifungo cha pembeni ukabadilishwa pia, maana huo ndio huchoka mapema kwa kuvutwavutwa. Vifaa vya zamani nilikabidhiwa katika kikaratasi, mipira miwili na udevu mmoja.

Kisha jaribio likarudiwa. Bamba, joto, tone, dakika, kitambaa. Fundi akaiacha saa ipoe, nami nikainama hadi karibu kabisa, na moyo ukanishuka, kwa sababu kioo kizima kilikuwa kimefunikwa na ukungu.

"Rudi nyuma kidogo, mzee," fundi alisema, akikifuta kwa kidole. "Huo ni wako."