Wahandisi ni wachache, au kazi ndiyo haba?

Wakubwa wanasema nchi haina wanasayansi na wahandisi wa kutosha. Vijana waliosomea uhandisi, ambao wengine wanauza vifaa vya simu hapa Arusha mjini, wanauliza: kama hatutoshi, mbona hatuajiriwi?

Wanaolalamikia uhaba wana hoja. Shule nyingi za kata zina upungufu wa walimu wa fizikia na hisabati, na mbio za uhandisi huanzia hapo. Tena wanataaluma hutaja uwiano wa mhandisi 1 kwa mafundi sanifu 5 (wa ngazi ya kati) na mafundi mchundo 25 (wa kazi za mikono). Kwetu kila mzazi anataka digrii (na simlaumu, mishahara ndivyo inavyomfundisha), kwa hiyo ngazi za chini ndizo zinazopwaya. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, sifa yake ilitokana na mafundi sanifu. Siku hizi nacho kinatoa digrii.

Ila akili zipo. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wenyeji yanatosha kuwa ushahidi. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alibuni chujio la maji kwa nanoteknolojia, yaani teknolojia ya chembe ndogo mno, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Kwa hiyo mimi naelemea upande wa vijana, kwa sababu moja. Mhitimu hawi mhandisi siku ya mahafali. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inamtaka kwanza afanye kazi chini ya msimamizi, kwa kawaida miaka 3. Atafanyia wapi? Kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichokuwa hapa Arusha kilisimama kitambo. Miradi mikubwa inakwenda kwa makandarasi wa nje, ambao wanamchukua kijana wetu akasimamie vibarua, huku michoro na hesabu zikibaki kwa watu wao.

Kuongeza vyuo bila kugusa hilo ni kuongeza foleni. Afadhali mikataba ya miradi hiyo mikubwa ilazimishe idadi ya wahitimu wa kukaa kwenye meza ya usanifu, na hospitali za umma zianze kuagiza vitanda TEMDO, shirika la umma la usanifu wa mitambo ambalo linavitengeneza hapa hapa Arusha, kabla ya kuangalia nje. Uhaba wa walimu wa fizikia utabaki palepale, na huo kweli unataka watu zaidi.