Mama Mkwe Kwenye Msikiti wa Mabati

Mama mkwe wangu alipokuja Adelaide, Australia, kutoka Tanga kumwona mjukuu, tulikuwa tumemwandalia ratiba ya nguvu: koala, ufukwe wa Glenelg, maduka. Ratiba ilikufa mapema, pale jirani yetu mmoja Msomali alipomwambia kwamba huko nyikani, kwenye mji wa migodi unaoitwa Broken Hill, kuna msikiti wa mabati uliojengwa na waongoza ngamia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na sasa ni makumbusho.

"Koala atangoja," akasema mama. "Nipelekeni kwanza msikitini."

Mke wangu ana kichanga, kwa hiyo dereva nikawa mimi. Wewe unayejua mambo yetu ya pwani hebu fikiria: mtu na mama mkwe wake, wawili tu, ndani ya kigari kidogo, kilomita mia tano na ushee. Mkwe hacheki ovyo, habishi, hata mhogo wa kukaanga hautafuni kwa sauti. Niliendesha mgongo wima kama bwana harusi siku ya kutolewa ukumbini.

Nyika ya Australia haina huruma. Hakuna anayeuza mahindi ya kuchoma, hakuna bodaboda, hakuna hata mbuzi wa kuvuka barabara. Tuliona emu wawili, ndege kama mbuni, wakakimbia. Kila baada ya muda mama aliuliza, "Baba, watu wa huku wako wapi?" Nami nilijibu, "Wako mbele, Mama." Sikuwa na uhakika.

Walikuwepo kweli. Broken Hill ni mji ulioota juu ya utajiri wake na kuula. Mwaka 1883 Charles Rasp, Mjerumani aliyekuwa akizungukia mipaka ya shamba la kondoo, aliokota mawe kwenye kile kilima akadhani amepata bati. Kumbe chini yake kulikuwa na madini ya fedha, risasi na zinki ya kutosha kuanzisha, mwaka 1885, kampuni ya BHP, ambayo mpaka leo imebeba herufi za mji huo kwenye jina lake ingawa ilishauhama zamani. Kilima chenyewe kimechimbwa kikaisha. Kilichobaki katikati ya mji ni mlima wa mabaki ya mawe ya migodini, magwangala kama wasemavyo wachimbaji wa Geita, mkubwa kupita majengo yote.

Na mitaa imepewa majina ya maabara. Tulipita Oxide, tukapita Chloride, tukakata Sulphide.

"Huyu Oxide alikuwa nani?"

"Si mtu, Mama. Ni vitu vya kemia."

"Na Chloride?"

"Naye vilevile."

Akanyamaza kidogo. "Maskini. Bora sisi tuliohesabu tu, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu."

Halafu likaja suala la saa. Mji huu uko jimbo moja na Sydney, ila saa zake unafuata za Adelaide, nusu saa nyuma ya Sydney. Simu yangu ilipoingia jimboni ikajirukia mbele yenyewe bila kuuliza mtu. Kwa hiyo tulifika mlangoni saa nane kwa simu yangu, saa saba u nusu kwa wenyeji, na saa moja asubuhi kwa saa ya mkononi ya mama, ambayo hairekebishi popote aendapo ili ajue kuku wake wamefunguliwa au bado. Makumbusho yalikuwa yamefungwa. Mama akakaa kizingitini na buibui lake na kanga begani, akatoa tasbihi.

Mzee wa kujitolea anayefungua pale alipofika, Mzungu mpole wa mvi, alimwangalia mama, akaangalia msikiti, akamwangalia tena mama. Akafungua papo hapo. Akatueleza mawili matatu, kisha akagundua kitabu cha wageni amekisahau nyumbani. Akaniomba tumwangalizie mlango, anarudi sasa hivi.

Nikwambie, ni msikiti kweli. Mdogo, ukuta bati, paa bati, umepakwa rangi nyekundu, na ndani kuna mihrabu yake. Chumba cha mbele kimejaa vitu vya ngamia: matandiko, kamba, vijiti vya kutoboa pua. Wale watu walitoka sehemu ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India, wakaja kuanzia miaka ya 1860, wengi bila wake zao, wakawa ndio malori ya bara hili kabla ya malori. Maji, unga, nguzo za telegrafu, sufi ya kondoo, vyote mgongoni mwa ngamia. Malori yalipoingia, ngamia waliachiwa, na wajukuu zao wanazurura nyikani mpaka leo.

Mama akavua viatu, akaswali rakaa mbili, akawasomea Yasini waliojenga. Alipomaliza akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Mimi namjua mama mkwe wangu akishakitazama kidole. Sijui ufagio aliutoa wapi.

Alikuwa katikati ya kufagia lilipoingia basi la watalii. Wastaafu watupu, wake kwa waume, na wote, naapa, wamevaa raba za kijivu za kutembelea, utadhani wamegawiwa na serikali. Wakaja mlangoni. Mama akasimama na ufagio wake.

"Viatu!" akasema, akionyesha chini.

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Wakavua. Mama hapendi viatu vilivyotupwa hovyo, na hivi vilikuwa na lile vumbi jekundu la huko. Basi akavikung'uta kimoja kimoja ukutani, akavipanga upya nje: vya wanaume kulia, vya wanawake kushoto, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Na vyangu, ambavyo kwa bahati mbaya navyo ni raba za kijivu, akavitia humo humo.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. Anaomba kujua: mama ni wa ukoo wa wale waongoza ngamia?

Nikamfikishia mama swali.

"Mwambie nimezaliwa Ngamiani," akasema, akitaja mtaa wa kwao Tanga, "nitakosaje kuwajua ngamia?"

Nikajaribu kuliweka sawa, ila mama alikuwa ameshachukua mada. Babu wa mama yake, akasema, alikuwa Mbulushi. Na hilo ni kweli. Wabulushi, watu wa Baluchistan upande wa Pakistan na Iran, waliletwa pwani kuwa askari wa sultani, walilinda Ngome ya Yesu pale Mombasa, wakaoa, wakabaki. Nilitafsiri "askari", nikatafsiri "sultani", nikatafsiri "Mombasa". Kwenye zile nyuso nikaona kila mtu amesikia "ngamia". Bibi wa swali akafuta machozi. Ningemkatiza mama? Mbele ya watu? Mke wangu angenisikia kutoka Adelaide.

Wakakaa chini kwenye zulia, miguu ya soksi imenyooshwa. Mama akawaeleza posa inavyopelekwa, mahari ya siku hizi ilivyoharibika, na kwa nini wali wa nazi haupikwi na nazi ya kopo. Mzee wa kujitolea aliporudi na kitabu chake akakuta watu wamejaa, akavua viatu, akaketi nyuma kabisa akasikiliza. Wakaanza kumpa mama noti. Akazipokea kwa mikono miwili, akazitia zote kwenye sanduku la michango. Sadaka ya msikiti, akasema, haiulizwi imetoka kwa nani.

Halafu dereva wa basi akapiga honi.

Kilichofuata pale nje sijakiona tangu sala ya Idi ya utotoni. Watu wazima wameinama, huyu anasema hiki changu, yule anasema changu kina soli ya ndani ya daktari, mume na mke wanagombea jozi moja. Honi ikapigwa tena. Wakavaa vilivyopatikana, wakapanda, basi likaondoka kwa vumbi.

Zikabaki raba mbili za kijivu. Za kike, zote za kushoto.

Mama akazitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa nimeamini," akasema. "Umeibiwa viatu. Huu ni msikiti kweli."

Mzee akatuambia basi litakuwa limepanda juu ya ule mlima wa magwangala, kwenye mnara wa kumbukumbu ya wachimbaji. Nikavaa zile za kushoto, visigino nje, nikaendesha. Pale juu yameandikwa majina zaidi ya 800 ya waliokufa migodini, na kila mtu amewekewa kilichomuua: huyu kaangukiwa na mwamba, yule katumbukia shimoni. Mama akataka nimsomee. Nilisoma ukuta mzima wa kwanza nimesimama upande upande, kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa inataka kwenda kulia.

Viatu vyangu nilivikuta kwa babu mmoja mrefu aliyekaa benchi, anaviangalia. Alikuwa ameanza kuvipenda. Vyake alivaa shemeji yake, kimoja cha shemeji alikivaa yule bibi wa machozi, na bibi ndiye aliyekuwa akichechemea na miguu miwili ya kulia. Tukakaa benchi moja sote tukavuliana.

Kabla hatujalala, simu ikaita. Mzee wa makumbusho, namba nilimwachia kitabuni. Wageni wamesifu sana, anasema, na Jumapili ijayo kuna basi lingine. Je, mama atakuwepo bado?

Mama akafikiri, tasbihi mkononi.

"Mwambie nitakuja," akasema. "Ila awaambie wavae rangi mbalimbali."