Msikimbilie kupiga Windows

Fundi akikwambia "tupige Windows tu", yaani aifute na kuiweka upya, kabla hajakuuliza kompyuta inazimika vipi, wakati gani na ukiwa unafanya nini, ichukue urudi nayo nyumbani. Nasema kwa uchungu, maana mimi nimepigiwa Windows mara mbili kwenye kompyuta ambayo Windows yake haikuwa na ubaya wowote.

Niliiunga mwenyewe hapa Wete, Pemba, kwa kazi ya kuhariri video za harusi. Prosesa (ubongo wa kompyuta), madabodi (ubao unaounganisha vyote) na pawasaplai (inayogawa umeme ndani) vilitoka Kariakoo, memori na kasha nilinunua Unguja mjini, vyote vikapanda boti hadi bandari ya Mkoani na kumalizia safari kwa gari. Siku ya kwanza ikawaka vizuri, nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu ikajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi. Tangu hapo haikutabirika: pengine dakika kumi, pengine siku mbili kimya, halafu mara tatu ndani ya saa moja.

Kila mtu akaja na lake. Jirani akasema virusi, kaka akasema joto, shemeji akasema umeme. Shemeji hakukosea kuanzia hapo. Pemba tumepata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 tu. Kabla yake tulitegemea majenereta ya Wesha, na aliyekulia enzi hizo mpaka leo haiamini soketi. Lakini dhana lazima ipimwe. Niliazima UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika na kupiga kelele, nikangoja. Kompyuta ikajizima huku UPS haijalia hata mara moja na taa ya chumbani haijatikisika. Umeme wa ukutani nikauacha. Joto nalo nililipima kwa programu ya HWiNFO: prosesa haikupita nyuzi 70 wakati wa kutoa video, na mara nyingi kompyuta ilizimika ikiwa imekaa tu.

Virusi vya jirani ndivyo vilivyonipeleka kwa fundi, na hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili. Windows inapoanguka huacha faili kwenye folda iitwayo Minidump, zinazoeleza kilichotokea. Ukifuta diski na kupiga upya, ushahidi huo wote unakwenda. Fundi alinirudishia mashine safi, isiyo na hata mstari mmoja wa kuusoma, na jioni ile ile ikajizima.

Jambo jengine linaloniudhi ni ile namba 41 ya Kernel-Power inayoonekana kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Watu wanaisoma kama hukumu kwamba pawasaplai imekufa. Haisemi hivyo. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu, habari ambayo ulikuwa nayo tayari. Mtu wa Wete anayeagiza pawasaplai nyengine kwa sababu ya namba hiyo analipia boti bure.

Nilichofanya baadaye ni kuizuia Windows isijiwashe yenyewe inapoanguka, ili ile skrini ya buluu, ambayo kwenye Windows 11 mpya imekuwa nyeusi, ibaki nipate kuinakili. Leo iliandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jengine kabisa. Sababu zikibadilika namna hiyo, mimi huishuku memori kwanza. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima memori, kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kwa flashi hiyo baada ya sala ya Isha. Toleo la bure huipitia memori mara 4. Alfajiri nilikuta mistari myekundu ya makosa imejaa.

Hata hapo sikukimbilia kununua. Memori zangu ni DDR4 zilizoandikwa 3200, lakini kasi hiyo haipatikani mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya memori, kwenye BIOS, ile programu ya madabodi inayotangulia Windows. Bila yake hurudi kasi ya chini, kwangu 2133. Nikaizima XMP. Makosa yakapungua, hayakwisha. Nikachomoa kipande kimoja, nikapima kimoja kimoja kwenye tundu lile lile. Cha kwanza kikapita usiku kucha. Cha pili kikaanguka. Nikakihamishia tundu la pili, kikaanguka tena. Basi madabodi haikuwa na kosa.

Muuzaji aliniambia kwenye simu kwamba memori mpya haiharibiki. Nikampelekea picha mbili, ya kipande kizima na ya kibovu, kila moja na idadi ya makosa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nikirudishe. Nilikipa boti, nikafanya kazi na kipande kimoja cha GB 8 mpaka kingine kikafika.

Wala mambo haya si ya mafundi wetu peke yao. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilipokuwa zikiangusha michezo, ujumbe ulikuwa ukisema kadi ya video imeishiwa memori, na watu wakaishuku kadi. Mwaka 2024 Intel ikakiri kwamba prosesa zenyewe zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya BIOS mwezi Agosti.

Ninachokitaka kwa mafundi wa kisiwa hiki si kikubwa: flashi moja yenye MemTest86 dukani, na daftari la kuandika mteja amesema nini kabla ya kugusa diski yake. Flashi yangu ninayo. Anayetaka kuinakili aje nyumbani.