Chapati nane na dia mmoja wa Ohio

Hii stori nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu shemeji aliniapisha nisimwambie mtu, sasa juzi kaisimulia yeye mwenyewe kwenye harusi ya watu, tena kaitia chumvi, eti mi nilimlilia juu ya mti, basi bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba 2019, ndo kwanza nina miaka miwili Columbus, Ohio. Shem, mdogo wake wife, yeye keshakuwa mwenyeji, na kule ghalani anakofanya kazi ikifika mwisho wa Septemba wazungu wote habari yao ni dia tu, dia tu, maana ndo msimu wa mishale unafunguliwa, nae wakamwambukiza. Dia ni hawa wanyama kama swala, mkia mweupe kwa chini, akishtuka anausimamisha kama mtu anapunga leso, ila swala sio, dume lake pembe zinaanguka kila mwaka zinaota nyingine, swala wetu akishaota zake ndo mpaka kaburini.

Af msifikiri unachukua upinde unaingia porini kama babu. Nilisoma kozi, nikafanya mtihani, nikakata leseni, na juu yake kibali cha dia. Shem akaniazima upinde wake wa zamani, ule wa kisasa wenye kapi juu na chini, mwanzo unavuta mpaka mishipa ya shingo inatoka, ukifika mwisho ghafla unalegea, unaushikilia bila kutetemeka sana. Nikafanya mazoezi mwezi mzima nalenga gunia, yadi 20 nilikuwa natisha kweli. Ila gunia halina macho.

Kosa la kwanza sio langu, naliweka wazi. Shem alisema nguo za kuwindia zifuliwe na sabuni isiyo na harufu, zifungwe kwenye mfuko pamoja na majani makavu zinuke msitu, kwa sababu dia macho yake ya kawaida lakini pua yake sio ya mchezo. Nikafanya yote. Usiku nimelala, wife kafungua ule mfuko, kakutana na harufu ya udongo na majani, akasema mume wangu hatoki hivi mbele za watu. Mtoto wa Ngamiani, Tanga, yule. King'ora cha moshi akakivika kofia ya kuogea kama kawaida yake, akawasha chetezo, akazifukiza zile kombati udi mmoja wa nguvu aliokuwa anautunza kwa ajili ya Idi.

Saa kumi alfajiri naingia kwenye gari, shem akanusa mara moja tu.

"Shem, nani anaoa?"

Sikuwa na jibu. Tukaenda vioo vyote vimeshushwa, baridi ile mnaijua, zaidi ya saa nzima mpaka msitu wa Wayne, kusini mashariki ya Ohio. Huko ni milima milima, mialoni mitupu, na vuli yao sio vuli yetu ya mvua, ni majani kupukutika, yamejaa chini makavu, kila hatua kama unakanyaga mifuko ya krispi. Shem anatembea kama paka, mi nyuma kama lori la mchanga.

Tulivyofika akalamba kidole akaupima upepo, akasema wewe utakaa mti ule, mi nitakaa kule mbali na harusi yako. Ilikuwa kama hatua sabini hivi. Af akatoa kichupa, mkojo wa dia jike huo, unauzwa dukani kabisa kwa ajili ya kuwavuta madume, akanimiminia kwenye buti zote mbili. Sasa fikiria, kiunoni kwenda juu bwana harusi, magotini kwenda chini zizi. Na begi la chakula akaliacha kwangu, kaliegemeza kwenye gogo hatua kama kumi na tano kutoka kwenye mti wangu, akasema kwa vile harufu yako imeshaharibika, maharage nayo yakae huko huko.

"Ukipiga," akaniambia, "usishuke. Piga mluzi mara mbili, kaa nusu saa, mnyama akienda kulala atulie, ukimfukuza utamtafuta mpaka kesho. Umenielewa shem?"

Nikamwambia nimeelewa. Nikapanda kwenye dungu, kile kiti cha chuma kinachofungwa kwenye mti, nikajifunga mkanda kifuani na mapajani, nikavuta upinde juu kwa kamba, nikakaa kusubiri mwanga maana sheria inaruhusu kuanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, sio kabla ya hapo.

Kulivyopambazuka nikasikia nyayo. Kra, kra, kra. Mnyama mkubwa huyo, nilijua ni dume la kufa mtu, moyo unadunda mpaka nikahisi mti unatikisika. Kindi. Kapanya kenye mkia wa brashi kanazika mbegu za mwaloni. Akaja wa pili, nikashtuka vile vile. Mpaka wa tano bado nashtuka, sijui kwa nini kitu cha kushika kwenye kiganja kinatembea kama ng'ombe.

Saa tatu kasorobo ndo nikasikia kimya. Hata kindi kaacha. Nikageuza macho taratibu, dia huyu hapa. Dume, shingo nene, pua imeinamishwa chini anafuata njia yangu ya buti hatua kwa hatua kama anasoma barua, na upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu kwa hiyo ule udi hajaupata. Akaja mpaka kwenye gogo. Akanusa begi. Akasimama ubavu nyuma ya begi pale, akabaki ananusa chapati za wife, hatua kumi na tano, yaani hata mazoezini sikuwahi kupewa nafasi kama ile.

Nikavuta. Upinde ukalegea. Nikaweka alama nyuma ya bega, nikashusha pumzi, kidole kipo kwenye kifyatulio.

Taarabu ikalia kifuani kwangu.

Mlio wa WhatsApp, sauti mpaka mwisho, kinanda na kila kitu. Mi nikaruka, dia nae akaruka, mkia juu, kapuliza pua mara moja kama breki ya basi la mkoani, kapotea. Na mshale nao ushaondoka. Nikasikia "pwaa" chini pale. Simu haikomi, glavu zinateleza, naihangaikia naitoa naipokea kwa bahati mbaya. Mama, Tanga, saa kumi kasorobo alasiri, kashaswali kakaa barazani.

"Mwanangu, mbona unahema hivyo?"

"Mama niko porini," nikanong'ona. "Nilikuwa namvizia dia, kakimbia."

Kimya.

"Dia?"

"Eeh mama, tena alikuwa mzuri, shingo hii, kaja mwenyewe mpaka nilipo."

"Na mkeo anajua?"

"Anajua, ndo kanifukiza udi jana usiku."

"Mkwe wangu mimi? Kakufukiza udi uende kwa dia?"

Hapo mtandao ukakata, maana kule msituni ni wa kubahatisha. Nilijaribu kupiga, wapi.

Mara nasikia shem kule anapiga mluzi, kama anauliza. Kasikia ule mshindo. Sasa hapa ndo sijui shetani gani alinishika, nikaona aibu, nikapiga mluzi mara mbili.

Basi sheria ikaanza kufanya kazi. Nusu saa nimefungwa mkanda juu ya mti natazama begi. Naona kabisa manyoya ya mshale, ya kijani, yamesimama katikati ya begi, na chini yake kuna kitu chekundu kinachuruzika taratibu kwenye majani.

Shem akaja anatembea kwa vidole, uso umejaa furaha, kaninyooshea dole gumba. Kabla sijasema kitu kaona ile nyekundu kwenye majani. Akapiga magoti. Mwindaji hasa, akachovya kidole, akakisogeza kwenye mwanga aone ni damu ya mapafu au ya ini, zinatofautiana. Akainusa. Akainusa tena. Akanitazama juu kule.

"Shem," akasema taratibu, "hii damu ina nazi."

Mi kimya.

Akafunua majani, akaona begi. Alicheka mpaka akakaa chini, mi nashuka nahesabu ngazi. Mshale ule una ncha ya nyembe tatu, ulipita kopo la maharage, ukaingia hotpoti huku ukatokea kule, ukajikita kwenye gogo tukaung'oa kwa plaisi. Chapati nane, kila moja ina tundu la nyota yenye miguu mitatu, mahali pale pale, ukizipanga juu ya juu zinaoana kama zimekatwa kiwandani. Tulizila zote. Zilikuwa nzuri.

Tumefika nyumbani jioni, wife kasimama mlangoni simu mkononi, mama kapiga mara sita.

"Mama anauliza huyo dia wako anakaa wapi."

Nikamkabidhi hotpoti. Akaligeuza, akaliinua usawa wa taa, akachungulia kwenye tundu la huku akaniona upande wa pili.