Bento ya mwezi isiyo na gimbi

Jana jioni nilinunua bento, mlo wa kisanduku, ya tsukimi, sherehe ya Kijapani ya kuutazama mwezi, karibu na stesheni, nikafika nyumbani, nikafungua, sikukuta gimbi hata moja. Wali umefinyangwa sura ya sungura, yai la kware limekatwa nusu, karoti imechongwa kama jani, na juu ya nyama ya kusaga kumelala kiini cha yai. Karatasi ya nje imechorwa mabua ya susuki, nyasi ndefu, na mwezi wa dhahabu. Gimbi, hakuna. Nimelala na hasira na nimeamka nayo.

Usiku wa kumi na tano wa mwezi wa nane katika kalenda ya kale una jina jingine hapa Japani: imo meigetsu, mwezi mpevu wa magimbi. Wanaosifiwa siku zote ni wakuu wa kasri la Kyoto enzi za Heian, miaka kama elfu moja iliyopita, walioiga desturi hii kwa Wachina, wakapanda mashua na kuutazama mwezi ukielea majini huku wakitunga mashairi. Haya, walitunga. Lakini mkulima hakuwa na mashua. Alikuwa na satoimo alizotoka kuzichimba, akaziweka mahali mwezi utakapoziona, akashukuru. Na satoimo ni gimbi letu hilihili, nduma kwa ndugu zetu wa Kenya.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, bibi mwenye nyumba niliyopanga aliniita barazani kwake usiku huo. Susuki ndani ya chupa, dango nyeupe, vitonge vya unga wa mchele, kumi na tano zimepangwa kama kichuguu, na pembeni sahani ya satoimo ndogondogo zilizopikwa kwa mvuke na maganda yake, zimekatwa vichwa tu. Zikipikwa hivyo huitwa kinukatsugi, kwa kufananishwa na wanawake wa zamani waliotembea wamejitanda vazi kichwani. Akanionyesha: minya kwa vidole viwili. Ganda likabaki mkononi, gimbi likachomoza jeupe, la mviringo, linang'aa. Akachovya kwenye chumvi, akanipa. Hakusema neno, alielekeza kidole juu tu.

Nikakumbuka futari ya magimbi ya nazi kwetu, na sisi watoto tuliokimbilia uwanjani kuutafuta mwezi mwandamo. Sisi humsifu mzuri kwa mwezi wa kumi na nne, wao hungoja wa kumi na tano. Usiku mmoja tu umetutenga.

Ndiyo maana yai linaniuma. Nakubali, kiini cha yai kinafanana na mwezi, na soba, zile tambi za supu, yenye yai bichi juu imeitwa tsukimi kabla sijazaliwa. Tangu McDonald's ya Japani ilipoanza kuuza baga yake ya mwezi mwaka 1991, yai ndilo limekuwa bendera ya msimu. Sawa, watu wanafurahi. Lakini yai hupatikana kila siku ya mwaka. Halina msimu, halitoki udongoni, halimshukuru mtu. Ukilitoa gimbi ukaweka yai, umebakiza picha ya mwezi na kuyafuta mavuno. Hata dango za Kyoto hufinyangwa mfano wa gimbi na kuviringishiwa maharage matamu. Kitindamlo kinakumbuka, mlo mzima umesahau!

Tarehe nayo ni shida. Tangu Japani ihamie kalenda ya kizungu mwaka 1873, usiku huu hautulii: mwaka 2024 ulikuwa 17 Septemba, mwaka 2025 ukawa 6 Oktoba. Duka haliwezi kungoja, naelewa. Lakini mnunuzi anaweza kuinua kichwa.

Basi leo nimepita sokoni nikachukua satoimo mfuko mzima, zile ndogo zenye udongo bado. Bibi magoti hayamruhusu tena kusimama jikoni muda mrefu, kwa hiyo mwaka huu nitapika mimi, nimpelekee barazani na chumvi pembeni. Na nitarudi kwake usiku wa kumi na tatu wa mwezi unaofuata, kwa sababu alinionya tangu mwaka ule: aliyeutazama mwezi mmoja asiutazame wa pili hujitafutia mkosi. Usiku ule wa pili ni zamu ya maharage na kuri, yaani chestnut. Maharage ninayo tayari.