Passo, Ist na Heshima ya Mtu Mzima

Asubuhi ya leo, nikiwa nimeketi ndani ya gari langu hapa Bombo na injini ikipata moto kabla ya safari ya Kampala, alipita langoni kijana anayenunua vyuma chakavu. Akaegemeza baiskeli yake ukutani, akalizunguka gari kwa utulivu wa mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akaniuliza, kwa adabu kubwa, ninaliuza kilo kwa bei gani. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nimevaa koti na tai. Nilitaka kushusha kioo nimjibu kama anavyostahili, lakini kioo cha upande wa dereva hakishuki tangu mvua za mwaka jana, na mlango nao siku hizi hufunguliwa kwa nje tu, kwa hiyo ilinibidi nimwombe yeye mwenyewe anifungulie ili nipate kumfukuza.

Nataka ieleweke kwamba sina ugomvi wowote na waliolitengeneza. Toyota Corona Premio yangu ya mwaka 1998 ilizaliwa katika nchi ambayo gari jipya hupelekwa kukaguliwa likitimiza miaka 3, na baada ya hapo kila baada ya miaka 2, na ukaguzi wenyewe una gharama kiasi kwamba Mjapani huona heri aliuze gari lake likiwa bado linang'aa. Hakuna mhandisi kule aliyeambiwa kwamba kazi ya mikono yake itakuja kubeba mikungu ya matoke, mifuko ya saruji, mbuzi wa Idi, na maharusi wengi kuliko ndoa zilizodumu. Mimi nililipata enzi ambazo chochote kilichoshuka melini Mombasa kikiwa na magurudumu kiliruhusiwa kupita mpakani Malaba. Sheria ya kuyazuia magari yaliyozidi umri wa miaka 15 ilipokuja mwaka 2018, langu lilikuwa limekwisha kuwa raia. Sasa raia huyo anatoa moshi, anavuja mafuta ya usukani, na akifika Bwaise kwenye foleni huzima bila kushauriana na mtu.

Basi nimeamua kununua gari dogo. Ombi langu ni la kiungwana kabisa: gari linalowaka asubuhi, lenye injini isiyokunywa mafuta kwa uchungu, ambalo spea zake nikizihitaji nitazikuta katika soko la Kisekka bila kulazimika kuzieleza kwa ishara za mikono. Ningekuwa nimekwisha kulinunua, laiti nisingeitamka nia hiyo mbele ya watu, kwa sababu hapa kwetu gari ni mali ya ukoo mzima, isipokuwa siku ya kulilipia.

Shemeji yangu, ambaye maisha yake yote amesafiri kwa takisi na boda boda, anasema Toyota Passo ni gari la wanafunzi wa chuo na kwamba mtu mwenye mvi akishuka ndani yake huwa ameivua heshima yake na kuiacha kitini. Mpwa wangu anataka ninunue Subaru kwa sababu ya mlio. Jirani yangu anasema Honda Fit ni gari zuri, ila giaboksi yake ukiitilia mafuta yasiyo yake umekwisha, na hapo namkubalia, kwa kuwa najua ni mafuta gani hutiwa katika gereji zetu na ni nani huyachagua. Baba mkwe aliuliza swali moja tu, kama ataweza kuingia akiwa amevaa kanzu bila kujikunja, nami nikamwambia nitalipeleka swali hilo mahali panapohusika.

Na hao wanaoidharau Passo, wote kwa pamoja, huiheshimu Toyota Vitz. Ukiwaambia kwamba Vitz ya lita 1 ina injini ileile iliyomo katika Passo ya lita 1, ile ya silinda 3 iitwayo 1KR, wao hukutazama kama mtu aliyetukana ukoo. Nimeacha kuwaambia.

Jumamosi nilikwenda bondi moja, yaani uwanja wa kuuzia magari ambayo bado hayajalipiwa ushuru, kwenye barabara ya Jinja, nikiwa nimefuatana na fundi wangu, ambaye nilimlipia nauli, chakula cha mchana na soda, ili awe macho yangu. Hatujafika hata katikati ya uwanja, tukapokewa na dalali, kijana mwenye viatu vyenye ncha, ambaye aliniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akaniambia, "Hajji, kuna gari lilikuwa linakusubiri wewe." Gari lililokuwa linanisubiri lilikuwa Passo ya rangi ya waridi. Nilimweleza kwamba mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na ninahudumu katika kamati ya msikiti. Akanijibu kwamba hilo si waridi, ni maruni iliyopauka kwa chumvi ya bahari njiani, na kwamba nikiliosha vizuri litarudi.

Nikaingia. Magoti yangu yakagusa dashibodi, kofia ikagusa dari, na tumbo, ambalo silitaji kwa kawaida, likagusa usukani. Dalali akasema kiti kinarudi nyuma. Kikarudi nyuma, na hapo ndipo fundi wangu, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, alipotoa sauti. Nikawasha. Kabla injini haijatulia, mwanamke mmoja aliyemo ndani ya dashibodi akaanza kusema nami kwa Kijapani, kwa upole lakini bila kuonyesha nia ya kunyamaza. Dalali akasema ananikaribisha. Mimi najua anachosema, kwa sababu mwanangu aliwahi kunieleza: anasema kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijachomekwa. Atakuwa akilisema hilo kila asubuhi, Matugga, Kawempe na Wandegeya, kwa muda wote ambao gari litaishi, na hakuna fundi wa Kampala aliyekwisha kumridhisha.

Nikauliza kuhusu redio. Dalali akaiwasha kwa mbwembwe, akatafuta, akainasa CBS, redio ya Buganda, kwenye 88.8, akaniangalia kama kwamba ndiye aliyeianzisha stesheni hiyo. Nikamwambia apande juu kidogo. Akapanda hadi 90, ikakoma, ikarudi 76, kwa sababu redio hizo zilitengenezwa kwa masafa ya Japani na huko juu hakuna walichokitafuta. Akasema, "Hajji, hizo zilizobaki ni kelele tu." Fundi wangu akatikisa kichwa kukubaliana naye, na hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka fundi wangu.

Injini ilikuwa ikitikisika. Injini ya silinda 3 hutikisika gari likiwa limesimama, hilo ni umbile lake na silo kosa, lakini nilitaka nisikie dalali atasemaje. Akasema inapumua. Nikaomba hati ya mnada wa Japani. Akaileta ikiwa na mchoro wa gari lililoandikwa vijialama kila upande na safu za maandishi ya Kijapani, akapitisha kidole juu yake na kunitafsiria: "Hapa wanasema ni gari zuri. Hapa pia." Mita ilionyesha kilomita 61,000, ingawa pedali ya breki ilikuwa imelika hadi mpira wake ukawa laini. Nikaona pale juu, mahali ambapo gari safi huandikwa 4 au 4.5, pameandikwa herufi R peke yake. Huko minadani herufi hiyo huandikiwa gari lililopata ajali likatengenezwa. Nikamwuliza dalali R ni nini. Hakusita hata kidogo. "R ni raiti, Hajji. Usukani wa kulia."

Nikasema nalijaribu barabarani. Wakacheka wote, na mlinzi naye. Gari halijalipiwa ushuru, halina namba, haliwezi kuvuka lango. Majaribio hufanyika humo humo uwanjani. Kwa hiyo mimi, mtu ninayekusudia kukipandisha kigari hicho kila siku kutoka Bombo hadi mjini, nilikiendesha mbele mpaka karibu na bampa la Harrier moja, nikakirudisha nyuma mpaka kwenye kibanda cha mlinzi, nikasimama. Dalali akaja dirishani akihema kama aliyekuwa akinifuata mbio. "Umeona inavyovuta?" Nimeona wapi? Nimevutwa nini? Nilisogea umbali ambao mama watoto huutembea akitoka jikoni kwenda kuanika nguo! Fundi wangu akasema ameridhika na gia zote. Gia zote! Lile gari lilikuwa katika D ya kwenda mbele na R ya kurudi nyuma basi, na hiyo R ya gia ndiyo R pekee siku hiyo iliyomaanisha kile hasa inachomaanisha.

Wakati naondoka niliwaona, kwa kutumia kioo cha pembeni cha gari jingine, fundi wangu na dalali wakipeana mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa watu waliojuana asubuhi hiyo. Sikusema neno. Nilimlipia nauli ya kurudi.

Na bei yenyewe niliyotajiwa ilikuwa "kabla ya kodi". Maneno hayo hutamkwa haraka, sauti ikiwa imeshushwa, mtu akitazama kando. Kodi ndiyo gari. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna VAT ya asilimia 18 inayokokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru huohuo, kuna kodi ya zuio ya asilimia 6, halafu kuna tozo ya mazingira, ambayo kwa gari lililokwisha kuzeeka hufika nusu ya thamani yake. Naelewa nia. Hewa ya Kampala naivuta mimi, wala sihitaji kuhubiriwa habari za moshi, nami ni mmoja wa wanaoutoa. Lakini anayetozwa kwa sababu gari ni zee ni yule asiyeweza kununua jipya, na akishindwa kulipa tozo hiyo hubaki na Corona ya 1998, ambayo haitozwi kitu na inafukiza mtaa mzima hadi majirani wanaanua nguo. Nimelipiga hesabu jambo hili usiku, nimelipiga kwa kalamu, nimelipiga kwa simu, na kila mara hewa ndiyo inayoshindwa. Mimi sitaki anasa. Nataka kufika kazini nikiwa na shati kavu!

Kwa vyovyote, nimekwisha kujua ninachokitaka, na nitakisema japo shemeji atanuna: nataka Toyota Ist ya toleo la pili yenye injini ya 1NZ ya lita 1.5. Ina silinda 4, ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, na ni injini ileile iliyomo katika Probox, Fielder na Spacio, maana yake hata fundi mwizi ameifungua mara nyingi kiasi cha kuifunga sawasawa. Ni fupi, inageuka mahali ambapo Premio huhitaji kuomba radhi, na mkungu mmoja wa matoke unaingia nyuma. Mmoja. Hiyo kwangu si kasoro, kwani tangu habari za gari dogo zienee ukooni, watu waliokuwa wameniwekea nafasi katika msafara wa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, ya mwezi ujao wameanza kuulizana nani mwingine ana gari.

Wakati huohuo Premio imepata warithi nami ningali hai. Mpwa anasema nimpe aijifunzie. Baba mkwe anasema isitoke nje ya familia. Mama watoto anasema iwekwe chini ya mwembe ifugiwe kuku, na yeye ndiye pekee aliyetaja bei, kwa kuwa amekwisha kuhesabu mayai.

Fundi amepiga simu sasa hivi. Amepata Ist, haijapita hata bondi, ya daktari mmoja mwanamke aliyekuwa akiiendesha kwenda kazini na kurudi tu. Katika Uganda nzima sijawahi kusikia gari la kuuza ambalo halikuwa la daktari mwanamke, na kila nikienda hospitali naambiwa madaktari hawatoshi. Nimemwambia aniletee picha ya pedali ya breki kwanza. Anasema pedali ni nzuri, ila atahitaji nauli.